Mota ya cherehani, daraja la Manzese na sukari yangu

Siku niliyofunga mota kwenye cherehani yangu nilipika pilau. Sitanii. Ilikua 2014, nimeshashona kwa kukanyaga miaka kumi na sita tangu nishuke Dar msichana kutoka Kinole, kule milimani Uluguru, na yule kijana wa umeme alivyomaliza kufunga mkanda akaniambia anti gusa kidogo tu na kidole cha mguu. Nikagusa. Sindano ikakimbia kama inafukuzwa na mgambo. Sare za shule zilizokua zinanila siku tatu nikawa namaliza siku moja na nusu, jioni miguu haiumi, nikasema kumbe watu wanaishi hivi! Butterfly yangu ya kukanyaga nikaisogeza kwenye kona ya fremu, nikaitupia kitambaa juu, ikawa meza ya kuwekea chai.

Nisieleweke vibaya, sisemi mota ndo imenipa sukari. Kwetu ipo, mama mdogo aliondoka nayo. Lakini ukinyoosha mstari wa maisha yangu tangu Kinole unaona kitu. Kinole hakuna tambarare jamani, ukienda kununua chumvi unapanda, ukirudi nayo unapanda tena, sijui huwa inawezekanaje lakini ndo ilivyo. Mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, na njiani mnasimuliana. Nikaja Dar nikawa nakanyaga cherehani na kutembea Manzese hadi Kariakoo kufuata vitambaa maana nauli ni hela. Afu ikaja mota. Ikaja bodaboda mpaka mlangoni, ikaja mwendokasi 2016, vitambaa nikawa natumiwa picha kwenye simu nachagua vinaletwa, chakula mama ntilie analeta hapohapo kwenye mashine. Kuna siku nilipiga hesabu nikakuta tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni nimesimama mara tatu, na mbili kati ya hizo ni chooni.

Baadae nilikuja kusoma kwamba miaka ya themanini wataalamu walipita kwenye vijiji kadhaa hapahapa Tanzania wakapima watu sukari, wakakuta wenye kisukari hawafiki hata mtu 1 kwenye watu 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ukakuta kama 9 kwenye kila 100, watu wa miaka 25 hadi 64. Najua vipimo na watu waliopimwa havifanani kwahiyo usizipange hizo namba kama mbio za farasi, lakini hata ukipunguza bado pengo lipo. Na kuna watafiti wengine waliwafuatilia watu waliokua wanahama kutoka vijijini mkoa wa Morogoro kuja Dar, yaani watu kama mimi kabisa, wakaona ndani ya mwaka wa kwanza tu zile kazi za jasho zinaporomoka vibaya. Nilivyosoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Nilidhani historia yangu ni yangu peke yangu kumbe tulishaandikwa.

Haya. 2019 nikaanza kiu. Maji lita moja naimaliza kabla ya saa nne, usiku naamka mara nne, macho yanaingia ukungu nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikasema umri, nikanunua miwani ya barabarani. Uzito ukaanza kushuka watu wakanisifia eti nimependeza. Siku nikapima, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 12.6 (mashine zetu zinahesabu kwa milimoli kwa lita). Kwa ambao hawajui, ikifika 7.0 asubuhi hujala kitu, na ikirudiwa siku nyingine ikasoma hivyohivyo, hiyo tayari ni kisukari. Kile kipimo kinachoangalia wastani wa miezi mitatu kikasoma asilimia 9.8, wakati kuanzia 6.5 ndo ugonjwa. Nikapewa metformini, vidonge vya kushusha sukari.

Daktari, sitamtaja na hospitali sitaitaja, aliniambia maneno haya na nayakumbuka yote kwa sababu ni machache: "Punguza wanga mama, na fanya mazoezi. Anayefuata aingie." Mazoezi gani? Saa ngapi? Kabla ya dawa au baada? Mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye nyonga zilizokaa kwenye kiti miaka mitano unamwambia fanya mazoezi kama unamwambia funga mlango.

Nikajiongeza mwenyewe. Nikaenda sokoni Manzese nikachimba raba ya mtumba nzuri kabisa, nikajiunga na wale wa jogingi wa Jumamosi asubuhi, watu wana tisheti za kufanana na ngoma na filimbi. Nikakimbia nao. Yaani nilikimbia kwa aibu sio kwa pumzi, maana nyuma yangu kuna bibi wa miaka sabini anaimba, mi siwezi hata kuitikia. Nimerudi nyumbani roho juu nikapima nione matunda ya kazi. Kabla sijatoka ilikua 8.4. Niliporudi 11.9!

Nililia. Raba nikampa binti yangu, na jogingi sikurudi miezi saba.

Sasa hapo ndo ningependa mtu angenieleza mapema. Miezi saba ile nimeipoteza kwa sababu ya namba moja ambayo wala haikua mbaya. Nesi mmoja wa kliniki, dada mtu mzima anaongea taratibu, ndo alikuja kuniambia ukijilazimisha kukimbia kuliko uwezo wako mwili unaona kuna hatari, unamwaga homoni za kupambana, ini linafungua bohari lake la sukari ili upate nguvu ya kukimbia. Kwahiyo sukari inapanda kwanza kwa muda, afu inashuka baadae, saa mbili tatu mbele au hata usiku. "Ungepima tena mchana ungeshangaa," akasema. Sikupima. Nilikua nalia.

Kilichonirudisha kwenye habari ya kutembea sio ushauri wala utafiti, ni pini. Mchana mmoja niko nashona, msichana wangu wa kujifunza akapiga kelele, "Anti, damu!" Naangalia chini, ndala yangu imelowa. Pini ilikua imechoma soli ikatokeza juu ikaingia kwenye unyayo, na sijui imekaa humo tangu saa ngapi maana mi sikusikia kitu. Sikusikia! Fundi mwenye vidole vinavyojua kitambaa cha pamba na cha nailoni gizani, pini iko ndani ya mguu wake hana habari. Ile ganzi nilikua naiita uchovu, kumbe ni sukari. Nikaenda kliniki nikiwa mdogo kama piriton, kidonda kikasafishwa, nikaambiwa kuanzia leo ndala basi, kiatu cha kufunika na soksi, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani upapase kama kuna kokoto au pini, na usiku kagua nyayo, kama huoni chini weka kioo sakafuni. Nikatibiwa wiki tatu kikapona. Raba nikaenda kumnyang'anya binti.

Na ndo siku hiyo yule dada nesi alikaa na mimi kama nusu saa akanieleza kitu ambacho naona kila mwenye sukari angeelezwa siku ya kwanza kabisa kabla hata ya dawa. Nitakieleza kwa maneno yangu. Chukulia msuli ni duka na sukari ni mteja yuko kwenye damu anataka kuingia. Mlango wa mbele funguo zake anazo insulini, ile homoni ya mwili ya kushusha sukari. Sisi wenye kisukari aina ya pili funguo zimekua butu, insulini inahangaika na kitasa, wateja wanajaa barabarani. Lakini duka hilo lina mlango wa uani. Mlango wa uani haufunguliwi na insulini, unafunguliwa na msuli wenyewe ukiwa unafanya kazi, ukijikunja na kujinyoosha. Ukitembea, sukari inaingia uani, insulini iwepo ya kutosha isiwepo. Zaidi ya hapo, ukimaliza kutembea kile kitasa cha mbele nacho kinabaki kimelainika kwa masaa mengi, wengine mpaka siku moja au mbili, afu kinarudi kukaza. Ndo maana wanasema usipitishe siku mbili mfululizo bila kujishughulisha. Sio adhabu, ni mafuta ya kitasa yanakauka.

Mimi ni mtu wa kupima. Fundi haamini mpaka ashike futi. Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe na stripu zangu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu kwenye mashine ya sukari, ingawa stripu zenyewe unajua bei yake inavyouma. Siku ya kwanza nikala sahani ya mama ntilie, wali maharage na mchicha, nikarudi kwenye mota nikakaa nikashona. Saa moja na nusu baada ya kula nikapima, 13.1. Siku ya pili sahani ileile, nimemwambia mama ntilie asiongeze hata kijiko akaniangalia kama nina deni lake. Nilipomaliza nikanywa maji, nikasubiri kidogo, nikatoka nikapanda lile daraja la waenda kwa miguu la Manzese, nikavuka, nikashuka upande wa pili, nikatembea mpaka kituo cha Tip Top nikarudi nikapanda daraja tena. Robo saa na ushee, wala sikukimbia, nilikua naweza kuongea na simu njia nzima. Saa moja na nusu nikapima. 10.3.

Wali uleule. Nilikaa naangalia ile mashine ya kupimia.

Nikarudia wiki nzima, siku nyingine tofauti kubwa siku nyingine ndogo, siku moja haikuonekana kabisa (nilikua na mafua, mwili ukiumwa sukari inapanda zake tu). Lakini kwa ujumla ilikua inashuka. Kumbe huko New Zealand walishafanya hivihivi kitaalamu, 2016, watu 41 wenye kisukari aina ya pili. Awamu moja wanatembea dakika 30 muda wowote wanaotaka, awamu nyingine wanatembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ni ileile. Wakitembea baada ya kula sukari ya baada ya mlo ilikua chini kwa asilimia 12 kwa wastani, na baada ya chakula cha usiku ilikua chini kwa asilimia 22. Usiku! Muda ambao sisi tunakula ugali mkubwa saa tatu, tunasogeza mto, tunaangalia tamthilia, tunalala.

Kwahiyo nikapanga mbili, mchana daraja, usiku nazunguka mtaa na baba watoto ambae mwanzoni alikua anaona aibu eti watu watasema tumefukuzwa na mwenye nyumba. Wale vijana wa bodaboda pale darajani walinisumbua wiki mbili, "mama umedondosha nini?" maana mtu anapanda daraja anashuka afu anarudi alikotoka hajanunua hata karanga. Mmoja alinifuata kwa heshima kabisa, shikamoo mama, akaniuliza kama nina mgonjwa upande wa pili. Nikamwambia mgonjwa ni mimi. Sasa hivi nikichelewa wananiuliza vipi leo.

Ngoja nigeukie upande mwingine ambao watu wa mazoezi mitandaoni hawausemi. Kaka yangu yuko Kinole, na yeye ana sukari, lakini yeye sio metformini tu, ana na glibenklamaidi. Hii tofauti ni kubwa. Metformini peke yake ni mara chache kukushusha sukari kupita kiasi, ila glibenklamaidi na insulini zinashusha kweli, na ukichanganya na jembe zinashusha mara mbili. Kaka alikunywa vidonge vyake alfajiri, akasema atakula akirudi, akaenda shamba kulima kwenye mteremko mpaka saa tano. Wakamkuta amekaa chini ya mgomba anatetemeka, jasho linamtiririka, anaongea vitu visivyoeleweka. Watu wawili wakasema amelewa, mmoja akasema karogwa. Bahati kijana wake aliwahi kusikia kliniki, akakimbia na maji ya sukari, na mashine walipoileta ikasoma 2.7 wakati ameshakunywa nusu kikombe. Chini ya 3.9 tayari ni hatari ndogo, hiyo ya kwake ilikua inaelekea kubaya.

Kwahiyo ukiwa kwenye hizo dawa pima kabla hujaanza kazi nzito, usiende tumbo tupu, na mfukoni uwe na kitu. Ukianza kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, jasho la baridi, usijikaze, simama hapohapo. Vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari, hiyo haikusaidii kitu), subiri dakika 15 pima tena, kama bado rudia. Na mtu akishazima kabisa usimmiminie kitu mdomoni atapaliwa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Upande wa pili nao upo, kama mashine inasoma juu ya 14 na unajisikia vibaya, kichefuchefu, mwili hauna nguvu, siku hiyo sio ya tizi, hasa kama unachoma insulini, nenda wakucheki ketoni, yaani tindikali inayojaa kwenye damu insulini ikipungua sana. Na kama macho yako yameshaguswa na sukari usianze kunyanyua vitu vizito mpaka mtu wa macho aseme.

Mwaka 2022 binti yangu akaniletea habari kwenye simu anacheka. Chuo kikuu cha Houston kule Marekani wamechunguza msuli mmoja uko ndani ya shavu la mguu, wakawakalisha watu kwenye kiti wakawa wanainua kisigino na kushusha, kisigino juu kisigino chini, vidole viko sakafuni, muda mrefu. Kule kupanda kwa sukari baada ya kunywa glukosi kukapungua kama nusu ukilinganisha na kukaa tu. Watu wenyewe walikua wachache na hawakua wagonjwa wa kisukari, kwahiyo nisiwadanganye kwamba ni dawa. Lakini hebu fikiria mimi nilivyojisikia. Kisigino juu kisigino chini, umekaa kwenye kiti, masaa. Hiyo kazi nimeifanya miaka kumi na sita afu nikalipa hela nikaondolewa!

Nikatoa kitambaa na birika la chai, nikapiga oili, nikanunua mkanda mpya wa ngozi. Kukanyaga cherehani sio sawasawa na walichofanya wale, najua, lakini nilipojaribu na sahani ileile ya wali mashine ilisoma 11.2, katikati ya kukaa na daraja. Sasa kazi za pindo, vifungo, kupunguza suruali, zote naziweka kiporo mpaka nikishakula mchana, nakuja kuzifanya kwa miguu kama mvua inanyesha na daraja halipandiki. Wale wasichana wangu wanasema anti amerudi enzi za ukoloni. Kwenye zile siku za mota, simu inalia kila nusu saa, nasimama, nakunja vitambaa, nakaa na kusimama kwenye kiti bila kushika meza mara kumi. Hiyo ya kiti ni ya nguvu za mapaja, wanashauri mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki maana msuli ndo ghala kubwa la sukari na ukiuacha unasinyaa. Ndoo ya lita ishirini nayo nabeba mwenyewe sasa, zamani nilikua namlipa kijana.

Dakika 150 kwa wiki wanazosema wataalamu sikuwahi kuzipanga, nilikuja kuhesabu nikakuta nimezipita bila kujua, robo saa mara mbili kwa siku sita ni 180.

Yule binti anafanya kazi ya kukaa ofisini, kapimwa amekutwa yuko njiani, bado sio kisukari ila sio salama. Yeye nimemshika kweli. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2002, watu zaidi ya 3,200 walio kwenye hali kama ya kwake. Waliobadilisha ulaji na kutembea zile dakika 150 walipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, waliopewa metformini asilimia 31. Nimemwambia mwanangu, dawa ya nguvu zaidi kwa sasa unayo miguuni, mi nilichelewa. Anasema "sawa mama" ile sawa mama ya watoto. Jumapili tunapanda daraja wote.

Kipimo changu cha miezi mitatu kimetoka 9.8 kikaja 8.1, kikaja 7.2. Sio kutembea peke yake, dawa sikuacha hata siku moja na sahani ya wali imepungua robo, wataalamu waliojumlisha tafiti nyingi wanasema mazoezi peke yake yanashusha kile kipimo kwa kama 0.6 au 0.7, sio zaidi sana, kwahiyo anaekuambia tupa vidonge ukimbie tu mkimbie yeye. Ganzi ya miguu bado ipo kidogo, kwahiyo kiatu nakipapasa kila asubuhi.

Mara ya mwisho kliniki nilimkuta daktari mwingine, kijana, akasoma kadi yangu akarudia kusoma. "Mama umeongezewa dawa gani hapa katikati?"

"Zilezile," nikamwambia. "Na daraja la Manzese."

Akaandika kitu kwenye kadi. Nilipotoka nje nikasoma, ameandika daraja kwa herufi kubwa na alama ya kuuliza.